VAT Ilishuka, Sabuni Haikushuka

Aprili 2020 nilisimama mbele ya rafu ya sabuni na risiti ya mwezi wa Machi mkononi. Tangu tarehe mosi serikali ya Kenya ilikuwa imepunguza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14, ili tupate nafuu wakati Korona ikifunga hoteli na shule. Mche wa sabuni wa shilingi 120 ulipaswa kushuka kwa shilingi mbili hivi. Bei ilikuwa ile ile.

Nasema bila kusita: nafuu ile haikutufikia. Ilipitia kwa muuzaji, na kwa shilingi mbili hakuna muuzaji atakayejisumbua kubandua lebo. Isitoshe, kikapu cha mnyonge hakina VAT nyingi. Unga wa mahindi, sukuma wiki, nyanya: vyote hivyo havikutozwa VAT hata kabla ya janga. Tofauti angeiona mnunuzi wa friji, na nani alikuwa ananunua friji mwezi ule? Watu walikuwa wamerudishwa nyumbani bila malipo. Waliobaki kazini walipunguziwa kodi ya mshahara, na wa shilingi 24,000 kwenda chini hawakukatwa kabisa. Wengi niliowajua waliziweka pesa hizo kando, au wakalipa deni la duka. Mtu asiyejua kama mwezi ujao atakuwa na kazi hanunui kochi, hata serikali ikimbembeleza. Siwalaumu hata kidogo. Na vibarua na watu wa jua kali, ambao hawana mshahara wa kukatwa, hawakuguswa na hatua hiyo.

Lakini kuna hatua moja ambayo mtaa mzima uliiitikia. Katikati ya Machi, ada ya kutuma pesa kwa M-Pesa iliondolewa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Mama mboga wetu, ambaye miaka yote alitaka pesa mkononi, aliandika nambari yake ya simu kwenye kipande cha katoni akakitundika kibandani. Nilipotaka kumtumia mama elfu tatu, nilituma mara tatu, elfu moja moja. Kutoa kwa wakala bado kulikuwa na ada, kwa hiyo pesa zilibaki kwenye simu: kutoka kwangu kwenda kwa mama, kwa muuza maziwa, kwa fundi cherehani. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Nafuu ilionekana kwenye ujumbe wa simu pale pale, gharama sifuri, na haikusubiri huruma ya mwenye duka.

Januari 2021 vyote viwili viliisha. VAT ikarudi 16, na sabuni ambayo haikuwahi kushuka ikapanda. Ada ya kutuma ikarudi kwa kiasi kinachozidi shilingi 100. Wiki hiyo mama alinipigia simu.

“Usinitumie kidogo kidogo tena, mwanangu,” akasema. “Ngoja mwisho wa mwezi.”