Baiskeli za kuchangia mjini: mtu anaweza kuzitegemea kwenda kazini?

Juzi mpwa wangu anayefanya kazi Ulaya (mji siutaji na kampuni siitaji) kanitumia voisi anahema kama katoka kukimbizwa. "Mjomba leo nimechelewa kazini dakika ishirini, kituo cha baiskeli cha karibu na kwangu hakina hata moja, nimekimbilia cha pili nimekuta mbili, moja tairi imelala, nyingine breki hazishiki." Hizo ni baiskeli za kuchangia, za mji mzima, unalipia, unachukua kituo kimoja unairudisha kituo kingine. Nikaifungulia hiyo voisi kwa sauti pale kwa fundi baiskeli Ngamiani, tulikuwa wanne watano tunasubiri, wakacheka wote. Mzee mmoja akasema ndo maana Tanga kila mtu na yake, baiskeli ya wote haina mwenyewe. Kesi ikaishia hapo hapo, mambo ya wenzetu hayaaminiki, lete kahawa nyingine.

Mi nilinyamaza lakini sikukubali.

Nianze na upande wao maana una nguvu, tena mi mwenyewe nna baiskeli yangu. Baiskeli yako inalala ukumbini kwako, unaujua mlio wake, cheni ikianza kulegea unaisikia kabla haijakuacha njiani. Unatoka saa kumi na mbili unusu, unaingia kazini moja kasoro, siku zote. Msimamizi wa getini hataki kusikia habari za kituo kilikuwa tupu, yeye anaandika tu umechelewa. Halafu mifano ya mifumo hii kuanguka ipo, sio ya kutafuta kwa tochi. Paris, mji ambao wengine wote waliutazama, walianza mfumo wao wa baiskeli hizi, unaitwa Vélib', Julai 2007 na ikapendwa kweli, sasa mkataba ulipohamia kampuni nyingine wakabadilisha kila kitu, na tarehe 1 Januari 2018 vikawa vimefunguliwa vituo 64 tu kati ya 600 vilivyoahidiwa siku hiyo. Sitini na nne! Vingine havikuwa na umeme, vikawa vinaendeshwa kwa betri, zikiisha nguvu kituo kinazimika. China nako kulikuwa na kampuni ya Ofo, baiskeli zile za kuacha popote bila kituo, walichukua dipoziti za watu, mwanzo yuan 99 baadaye 199, na mwisho wa 2018 foleni ya wanaodai pesa zao ilipita watu milioni kumi. Kwa hiyo wazee wa kwa fundi hawajakosea kuogopa.

Ila hiyo hadithi ya Paris mi naisoma tofauti kidogo. Zile kelele zote za 2018 zilitoka wapi? Zilitoka kwa watu waliokuwa wanaamka kila siku na kwenda kazini kwa baiskeli hizo miaka kumi nzima. Ingekuwa mchezo wa watalii nani angepiga kelele? Kilichowaangusha ni mkataba na nyaya za umeme, baiskeli zenyewe walishazizoea kama sisi tulivyozoea daladala.

Na hapo ndo kuna kitu ambacho nadhani watu hawakipi haki yake. Tunapima kuaminika kwa kuuliza baiskeli ni nzima au mbovu. Mbovu zipo, na fundi wa kutosha anazimaliza. Kinachomtesa mtu wa kazini ni kupwa na kujaa. Sisi watu wa pwani hili halituhitaji mwalimu. Asubuhi watu wote wanatoka majumbani saa moja, wanaelekea upande mmoja, vituo vya mitaani vinakupwa hadi unaona mchanga, vya mjini vinajaa hadi hakuna pa kuchomeka. Jioni maji yanageuka. Kituo tupu ndo kelele ya mpwa wangu, lakini waulize wazoefu watakwambia kilichojaa ni kibaya zaidi, maana umeshafika, ofisi unaiona ile pale, umeshika baiskeli ambayo huna pa kuiweka na saa inatembea, ukiiacha chini inaendelea kuhesabika ni yako. Kule Paris na London waliliona hilo mapema, ukikuta pamejaa ulikuwa unagusa mashine inakuongezea dakika 15 ukatafute kituo kingine. Dakika 15 za bure, sawa, ila msimamizi wa getini yeye hajakuongezea kitu.

Paris ilikuwa na balaa jingine juu yake, vilima. Watu wanachukua baiskeli juu, wanateremka nazo raha mustarehe, kurudi wanapanda treni ya chini ya ardhi. Ikabidi wawape dakika za ziada wanaokubali kuzirudisha baiskeli vituo vya juu. Tanga hatuna hilo, mji wote sahani, kutoka Mabawa hadi Raskazone labda upambane na upepo tu, na nadhani ndo sababu baiskeli hapa haijawahi kuwa aibu, mama na kanga yake anaendesha, mzee na kofia yake anaendesha. Kwa hiyo nusu ya ugonjwa wa Paris sisi Mungu katusamehe. Nusu ya pili, ile ya saa moja asubuhi, hata tambarare haiitibu.

Dawa yake inajulikana na haina maajabu. Ya kwanza vituo visongamane. Paris waliviweka karibu karibu, mita kama 300 hivi, yaani ni kama hapa Ngamiani uvuke barabara tatu nne. Hiki kikikosa unatembea kidogo unapata kile, na simu inakuonyesha kabla hujatoka nyumbani. Mji ukiweka vituo vichache basi hapo wazee wana haki kabisa ya kucheka. Seattle huko Marekani walianza 2014 na baiskeli 500, mji una vilima, mvua, na wakati ule ulikuwa na sheria ya kofia ngumu juu yake, ikafika Machi 2017 wakafunga. Baiskeli 500 kwa mji ule ni za kukatia utepe. Ndo maana nkisikia mtu anasema tuanze hapa na baiskeli ishirini za majaribio nacheka mimi sasa, zitashindwa, halafu watu watasema si tuliwaambia.

Ya pili ni watu wa kuzihamisha. Magari yanapita usiku na alfajiri yanakomba baiskeli kulikojaa yanapeleka kulikokupwa. New York wameenda mbali zaidi, abiria mwenyewe akitoa baiskeli kwenye kituo kilichojaa akaipeleka kilicho tupu anapewa pointi, kuna watu wanafanya hivyo kama mazoezi ya jioni. Kazi hii haionekani kwenye picha za uzinduzi lakini ndo kuaminika kwenyewe, wakipunguza gari moja wiki hii, wiki ijayo mtu kama mpwa wangu anachelewa.

Na tuwe wakweli jamani, hivi hiyo ya kwako mwenyewe haijawahi kukuangusha? Mwenzangu mmoja pale pale aliyecheka kuliko wote, alikuwa amekaa kwa fundi toka saa mbili na kazi yake inaanza saa moja. Tyubu yake iko kwenye beseni la maji, fundi anaizungusha taratibu anatafuta vipovu, kapata kimoja kakikwangua kakipaka solesheni, kuzungusha tena kapata kingine. Daladala nayo ikija imejaa inapita, hakuna anayesema daladala haiaminiki, tunatoka mapema tu. Baiskeli ya kuchangia ndo imepewa mtihani wa kutokukosea hata siku moja.

Fundi yeye hakuwa amecheka. Alisubiri wenzake wamalize, hajainua macho kwenye beseni, akaniuliza, "Sasa hizo za asubuhi zikishajaa kule mjini, nani anazirudisha Mabawa?" Nikamwambia kuna watu wanalipwa kwa hiyo kazi tu, usiku na alfajiri. Akaitoa tyubu kwenye maji, akaifuta na tambara, akauliza wanalipwa kwa mwezi au kwa kutwa.