Waliorudishwa kwa sababu hawakuwa hedhini

Katika miaka ya 1990, watafiti waliofuatilia kliniki za uzazi wa mpango nchini Kenya walikuta jambo ambalo wauguzi wengi hawakuona ubaya wake. Mwanamke akija kutaka vidonge au sindano, na hayuko kwenye siku zake, anaambiwa aende arudi hedhi ikianza. Hofu ilikuwa kwamba huenda ana mimba changa. Vipimo vya mimba havikupatikana kwa urahisi, basi hedhi ikageuka kipimo. Na anayekaa nyumbani bila kinga akisubiri siku zake anaweza kurudi na mimba ileile aliyokuja kuikwepa.

Tiba yake ilikuwa karatasi moja yenye maswali sita. Umejifungua ndani ya wiki nne zilizopita? Hujakutana kimwili na mwanamume tangu hedhi yako ya mwisho? Unanyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, maziwa matupu au karibu matupu, na hedhi haijarudi? Akijibu ndiyo kwa swali moja tu, na hana dalili za mimba, apewe njia anayoitaka siku hiyohiyo. Karatasi hiyo ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 1,800 katika kliniki za Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999: kati ya wale ambao maswali yalionyesha kuwa hawana mimba, takribani 99 kwa kila 100 kweli hawakuwa nayo.

Huo ndio utafiti wa kiutendaji, ambao wengine huuona ni kupoteza fedha ambazo zingekwenda moja kwa moja kwenye huduma. Kama sindano inazuia mimba, hilo lilishajulikana. Unachotafuta ni kwa nini sindano iliyoko kabatini haimfikii aliyekaa kwenye benchi nje, kisha unabadilisha jambo moja katika huduma na kupima kilichotokea.

Wanaoutetea wana ushahidi mzito, na ule wa Matlab nchini Bangladesh hunigusa zaidi kwa kuwa ulianza kwa kushindwa. Mwaka 1975 vidonge viligawiwa nyumba kwa nyumba. Matumizi yalipanda, kisha yakaanza kushuka. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba wanawake wa vijijini hawataki uzazi wa mpango na kufunga faili. Badala yake, mwaka 1977 mpango ulisukwa upya: wanawake waliosoma, wakazi wa maeneo hayohayo, walipita kila baada ya wiki mbili wakiwa na njia zaidi ya moja, wakasikiliza malalamiko ya maudhi ya dawa na kuyafuatilia. Vijiji vingine vilibaki na huduma ya kawaida ili kulinganisha. Safari hii matumizi yalipanda na kudumu. Wanawake walikuwa walewale, ila huduma sasa iliwajali.

Wanaoutilia shaka nao hawasemi ovyo. Hoja yao kubwa ni kwamba jaribio huishi maisha ya kifahari: lina usimamizi wa karibu, usafiri, dawa zisizoisha na watu wanaojua kuwa wanatazamwa. Chukua Navrongo, kaskazini mwa Ghana, ambako jaribio lilianza mwaka 1994. Palipokuwa na wauguzi waliohamia vijijini pamoja na wahudumu wa kujitolea walioungwa mkono na machifu na wazee, uzazi ulipungua kwa takribani mtoto mmoja kwa kila mwanamke katika miaka ya mwanzo. Mwaka 1999 Ghana iliufanya mfumo huo kuwa sera ya taifa. Lakini sera ilipotoka Navrongo, nguvu nyingi ziliishia kwenye majengo, na kazi ya kukaa na wanaume na wazee ikabaki nyuma. Kilichokuwa kiini cha mafanikio ndicho kilichopungukiwa, pengine kwa sababu jengo linahesabika na mazungumzo hayahesabiki.

Hoja ya pili inaumiza zaidi. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Argentina, Cuba, Saudi Arabia na Thailand, kwa wajawazito wapatao 24,000. Lilionyesha kuwa mahudhurio machache ya kliniki yenye mambo ya msingi hayakuwa na tofauti kubwa na utaratibu wa zamani. Shirika la Afya Duniani likapendekeza mahudhurio manne. Takwimu hizo zilipochambuliwa upya miaka kadhaa baadaye, zilionyesha vifo zaidi vya watoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 32 na ya 36, kwa waliohudhuria mara chache. Mwaka 2016 pendekezo likawa mahudhurio manane. Anayesema kwamba hamu ya kubana matumizi hufanya tuamini haraka matokeo yanayoturahisishia kazi ana haki ya kusikilizwa.

Binafsi kinachonitisha zaidi ni kipimo chenyewe. India ya mwaka 1976 ilikuwa na malengo ya idadi, na idadi ilifikiwa: zaidi ya watu milioni 8 walifungwa uzazi ndani ya mwaka mmoja, wengi wao wanaume, na wengi kwa shinikizo. Kwa aliyehesabu vichwa peke yake, mpango ule ulifanya kazi vizuri sana. Mbinu za kuongeza ufanisi hazijui zinatumikia nini, na wanaozishika wasipojiuliza, zitaharakisha hata uonevu.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaotaka fedha zote ziende moja kwa moja kwenye huduma. Fedha zilikwenda kwenye huduma Matlab mwaka 1975, na hazikutosha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na utafiti huu, ukifanywa vizuri, ndio unaompa nafasi ya kusema anayekilalia. Ninachodai ni kwamba jaribio liendeshwe tangu siku ya kwanza na walewale watakaobaki nalo wafadhili wakiondoka, kwa mishahara na usafiri wa kawaida. Likishindwa katika hali hiyo, tutakuwa tumejua mapema.

Na kuna jambo lisilohitaji mfadhili. Rejesta ya kliniki humwandika aliyehudumiwa. Aliyerudishwa mlangoni kwa sababu hakuwa hedhini, au kwa sababu njia aliyoitaka imekwisha, au kwa sababu muuguzi alimwona ni mdogo mno, hana mstari wake. Iongezwe safu moja: walioondoka bila huduma, na sababu. Kila mwisho wa mwezi ihesabiwe hiyo kwanza.