Gono ya mama mdogo haikuwa gono

Juzi nimekaa kwenye benchi la zahanati nasubiri kuitwa, macho yakagota kwenye bango la kichocho. Kavulana kamesimama kando ya lambo, kanakojoa damu. Basi, bango limeisha. Ungeapa wanawake hatuna miguu ya kuingia majini.

Nikamkumbuka mama mdogo. Kwetu Shinyanga mwanamke ndiye anayeshinda kwenye majaruba akipandikiza mpunga, na jioni anafua lamboni. Alipoanza kutoka damu baada ya kukutana na mumewe, nesi alimuuliza kwa sauti iliyofika dirisha la dawa: "Na mwenzio yuko wapi?" Akachomwa sindano ya gono. Mwezi uliofuata, nyingine. Mara ya tatu ba'mdogo hakuwa anaongea naye tena. Mkojo walipima, ukaonekana safi.

Hapo ndipo ninapochemka. Kwa mwanamke, mayai ya minyoo ya kichocho hunasa kwenye nyama ya uke na mlango wa kizazi, yakaacha madoa kama punje za mchanga, na mkojo unaweza usionyeshe kitu. Inabidi achunguzwe na mtu aliyefundishwa. Sasa angalia tafiti nyingi zinahesabu nini: mayai kwenye mkojo wa watoto wa shule! Rahisi, kweli, watoto wako foleni, kopo mkononi, mwalimu anasimamia. Mama yuko shambani. Halafu unasoma kwamba wanawake wenye tatizo hili Afrika wanakadiriwa kuwa milioni 56. Wanakadiriwa. Mbuzi wa mnadani wanahesabiwa mmoja mmoja.

Wala si ugonjwa wa jana. Daktari Frank Cole Madden aliandika kuhusu kichocho cha uke huko Misri mwaka 1899. Kijitabu cha picha cha Shirika la Afya Duniani, cha kumwonyesha mhudumu madoa hayo yakoje, kimetoka 2015. Miaka 116!

Kama madoa hayo yanafungulia VVU mlango, tafiti bado zinabishana.

Haya, vidonge vya kichocho wanavyogawiwa wanafunzi shuleni vimesaidia, sikatai. Wapwa zangu hawakojoi damu kama tulivyokojoa sisi. Ila binti aliyeacha shule darasa la tano akaenda kulima, anavipata wapi?

Mama mdogo aliokolewa na mwanafunzi wa udaktari aliyekuja mafunzoni, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mama, unalima nini?" Akapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, damu ikakata. Ba'mdogo hajaomba radhi mpaka leo.