Ukinukuu Yeremia 29:11, Anzia Aya ya 10

Msimu wa malengo umefika tena, na Yeremia 29:11, ile aya ya Mungu kutuwazia mawazo ya amani na kutupa tumaini, imeshabandikwa juu ya kila orodha. Nyumba, gari, shahada ya pili, ndoa kabla ya Desemba, kisha chini kabisa, kwa herufi kubwa, AMINA. Orodha imeandikwa kwanza, Mungu kaitwa baadaye kugonga muhuri. Halafu tunasema tumemtafuta Bwana!

Hebu rudini nyuma aya moja tu. Aya ya 10 inataja miaka 70. Maneno hayo ni ya barua ya Yeremia, iliyopelekwa kwa watu waliokwisha kuhamishiwa Babeli, na kwa hesabu hiyo mtu mzima aliyeisikia ikisomwa alijua atazikwa hukohuko. Ndiyo maana aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani: tulieni, msifungashe mizigo. Na sura ya 28, hapo kabla tu, yupo nabii Hanania akitangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Ujumbe mtamu, tena wenye tarehe. Akafa mwaka uleule, mwezi wa saba. Mengi tunayoyaita "neno langu la mwaka" ni ya Hanania, ila tumeyavika nguo za Yeremia.

Haya, nakubali, afadhali anayeandika orodha na kuiombea kuliko asiyeandika chochote na kuita uvivu wake imani.

Lakini anayetaka kuona kazi inavyofanywa amsome Nehemia. Alikuwa Myahudi aliyemtumikia mfalme wa Uajemi, na habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomolewa zilimfikia mwezi wa Kislevu, akalia, akafunga, akaomba. Kwa mfalme alizungumza mwezi wa Nisani. Hiyo ni kama miezi minne ya maombi kwa ajili ya ukuta uliojengwa kwa siku 52. Sisi tunaomba dakika nne kwa mpango wa miaka mitano. Na wala maombi hayakumfanya asipige hesabu: mfalme alipomuuliza, alitaja muda wa safari, akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu, apewe miti ya malango. Alipofika alikaa siku tatu, akatoka usiku kukagua ukuta, na bado hakuwa amemwambia mtu.

Kwa hiyo ipe karatasi wiki kadhaa kabla ya kuigusa kwa kalamu. Wiki hizo soma kitabu kizima, usiokote aya mojamoja. Ukianza kuandika, kila lengo liwe na gharama kwa tarakimu. Anayetaka kujenga mnara, katika Luka 14, aliambiwa aketi kwanza, ahesabu. Mpelekee mtu anayeweza kukutazama usoni akakwambia hapana. Na tenganisha lengo na ombi. "Niolewe kabla ya Desemba" ni ombi, kwa sababu kuna mtu mwingine mwenye hiari yake ndani yake. "Niache kukopa kwa ajili ya sherehe" ni lengo, liko mikononi mwako. Ukivichanganya, Desemba utamkasirikia Mungu kwa jambo ambalo hakukuahidi.

Halafu kuna hili la "nimepata amani moyoni" na "mlango umefunguka." Yona naye alifika Yafa akakuta merikebu iendayo Tarshishi, nauli anayo, akashuka chini akalala usingizi mzito. Mlango wazi, amani tele, na alikuwa anamkimbia Mungu.

Kila baada ya miezi mitatu fungua karatasi upya. Lililozuiwa lipige mstari mmoja mwepesi, uandike tarehe pembeni, usilifute. Katika Matendo 16 Paulo alikatazwa na Roho kuhubiri Asia (jimbo la Kirumi, si bara), akajaribu Bithinia, akazuiwa tena, ndipo akaoneshwa Makedonia. Sura ya 19 tunamkuta Efeso, katika Asia ileile, akifundisha kwa miaka miwili.