Ofisi kama mashine: ufanano unaishia wapi?

Mashine ya kusaga haijui kama mahindi ni ya mjane au ya diwani. Ina sehemu, kila moja na kazi yake. Ukiiwasha, mahindi yanaingia, unga unatoka, na mkanda ukikatika unafungwa mwingine.

Ofisi ya umma iliyopangwa vizuri inafanana nayo sana. Barua ikifika masjala inagongwa mhuri wa tarehe, inaingizwa kwenye rejista, inawekwa kwenye jalada lenye namba, na jalada linapanda kwa mkuu wa idara aandike dokezo. Karani akihamishwa, mwenzake anaendelea alipoishia. Tunaulaani urasimu huu, lakini anayefaidika nao ni yule asiye na shemeji humo ndani: jalada lake linakwenda kwa zamu. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliufananisha urasimu na mashine kwa sababu hizo hizo, yaani kasi, usahihi na kutojali sura ya mtu, ingawa urasimu huo huo uliwahi kumtia hofu yeye mwenyewe.

Tatizo linaanza pale wakuu wanapoamini ufanano huo mpaka mwisho. Mwaka 1913 kiwanda cha Ford cha Highland Park, Michigan, kilianza kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea, na muda wa kuunganisha chesisi moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Lakini vipuri vya mashine hiyo vilikuwa na miguu. Watu waliacha kazi kwa wingi kiasi kwamba Januari 1914 Ford alitangaza dola 5 kwa siku, karibu maradufu ya ujira wa awali. Tena kwa masharti: wakaguzi walifika hadi majumbani kuona kama mfanyakazi ni mlevi. Sijasikia nati inayokaguliwa nyumbani kwake.

Kwangu mimi, kipimo kizuri zaidi cha ufanano huo ni mgomo baridi wa kufuata kanuni zote bila kulegeza. Dereva anakagua kila taa na kila breki kama kitabu kinavyosema. Karani anarudisha kila fomu iliyokosa nukta. Hakuna aliyevunja agizo, na bado kazi zinakwama. Mashine ikifuata maagizo yote, ndipo inapofanya kazi. Ofisi husonga kwa sababu kila siku kuna mtu anayejua kanuni ipi ilegezwe kidogo, na ndiyo maana hongo nayo hupata mlango hapo hapo.