Kufunga vibanda vya PS hakutarudisha umakini darasani

Likizo ikikaribia, kauli ile ile huzuka tena katika mitaa ya Kisumu: vibanda vya PS, ambako watoto hulipia kucheza gemu za PlayStation, vifungwe. Husemwa kwenye baraza la chifu, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Zamani lawama ilikuwa kwamba watoto huiba pesa ya unga na kuhepa shule. Siku hizi imeongezwa nyingine, yenye sauti ya kisayansi: gemu zinaua umakini. Mtoto akishazoea PS, husemwa, hawezi tena kutulia na ukurasa mmoja wa kitabu. Nimewasikia walimu wa Manyatta na Nyalenda wakilieleza jambo hili kwa uchungu wa kweli, nami sina shaka na wanachokiona darasani. Shaka yangu iko kwenye chanzo wanachokitaja.

Hoja yao nzito kuliko zote inatoka Marekani. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Edward Swing na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa State. Walifuatilia watoto 1,323 kwa miezi 13. Wazazi na watoto walieleza saa za runinga na za gemu, walimu wakaeleza ni nani anayeshindwa kutulia. Waliozidisha saa mbili kwa siku mbele ya kioo, cha runinga au cha gemu, walikuwa na uwezekano wa mara 1.5 hadi 2 wa kuwa na matatizo ya umakini kupita wastani. Hata baada ya kuzingatia matatizo ambayo mtoto alikuwa nayo tangu mwanzo, uhusiano huo haukupotea. Anayezitetea gemu bila kuutaja utafiti huu hajatenda haki.

Lakini takwimu hiyo husomwa nusu. Katika utafiti ule ule, uhusiano wa runinga na matatizo ya umakini ulifanana na uhusiano wa gemu. Haukuwa mdogo, ulifanana. Sasa pita kwenye ukumbi wa kutazamia mpira Kondele Jumamosi alasiri ligi ya Uingereza inapochezwa. Utawakuta watoto wa gredi ya 4 na ya 5 wamebanana na watu wazima tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna anayedai ukumbi ule ufungwe kwa ajili ya umakini wao. Nyumbani nako runinga huwashwa asubuhi ili watoto wasisumbue, ikazimwa watu wakienda kulala. Ikiwa ni saa za kioo tunazoziogopa, basi tuziogope zote. Kuchagua kioo kimoja, kile kinachopendwa na wavulana wa mtaani na kuchukiwa na wakubwa, ni kuutumia utafiti kuthibitisha tulichokwisha kuamua.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo kiini cha suala zima. Douglas Gentile, mmoja wa wale walioandika utafiti wa 2010, alichapisha na wenzake mwaka 2012 matokeo ya watoto na vijana 3,034 wa Singapore waliofuatiliwa kwa miaka 3. Walikuta njia mbili. Kucheza sana kulitangulia kuzidi kwa matatizo ya umakini, hilo ni kweli. Lakini pia watoto waliokuwa tangu awali na pupa na shida ya kutulia ndio waliokuja kucheza zaidi baadaye. Gemu ziliwavuta wale ambao tayari walikuwa wanahangaika.

Tafakari maana yake kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika, watoto wanne kwenye dawati la wawili. Anamwona mvulana asiyetulia, anapata habari kwamba mvulana huyo hushinda kwenye PS, na anaunganisha mawili hayo kwa mstari mmoja. Huenda mstari huo unakwenda upande wa pili. Mtoto asiyeweza kufuata somo la dakika 35 ubaoni, ambaye mkono wake haujawahi kuitwa na ambaye daftari lake husahihishwa baada ya wiki mbili, amepata mahali ambapo kila anachofanya hujibiwa papo hapo. Akipiga pasi mbovu anajua sasa hivi. Akishinda, wenzake wanampigia makofi. Hapo anatulia kabisa, macho hayabanduki kwenye kioo. Tukimwondoa pale kwa nguvu, shida iliyompeleka itabaki naye, na hakuna atakayeitafuta kwa sababu tutadhani tumeshaimaliza. Watoto wa aina hii wananiuma kuliko sehemu nyingine yoyote ya mjadala huu.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba gemu hujenga umakini. Hawakulitunga hilo. Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester walionyesha, katika jarida la Nature, kwamba watu wasio wachezaji waliofundishwa gemu ya vita kwa saa moja kila siku, siku 10, walipata maendeleo katika vipimo vya umakini wa macho kuliko waliocheza Tetris, gemu ya kupanga vipande. Ila tusiyanyakue matokeo hayo na kuyaleta Kisumu mzima mzima. Gemu iliyopimwa ni ya kupiga risasi, na vijana wetu wengi hucheza soka. Tena mwaka 2011 Walter Boot na wenzake walikosoa namna tafiti za aina hiyo zilivyofanywa, wakisema kwamba mchezaji anayejua ameitwa kwa sababu ni mchezaji huweza kujitahidi zaidi kwenye kipimo.

Mfano unaonifundisha zaidi ni EndeavorRx, gemu ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Juni 2020 itumiwe na watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la umakini la ADHD. Watoto 348 walishiriki katika jaribio lake. Kwenye kipimo cha kompyuta, walioicheza waliendelea kuliko waliopewa gemu nyingine. Wazazi walipoulizwa kuhusu dalili za kila siku, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Umakini uliojengwa kwenye kioo ulibaki kwa sehemu kubwa kwenye kioo. Nami nauliza: ikiwa gemu iliyotengenezwa na wataalamu kwa kusudi la kuubadilisha umakini wa mtoto haikuonekana nyumbani, kwa nini tuamini kwamba mechi tatu za soka za kibandani, kwa nguvu zake zenyewe, zimeuharibu umakini wake wa darasani?

Hatari ipo, na iko kwenye wingi wa saa na kwenye usingizi. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa kawaida sharti lake ni dalili za miezi 12: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata maisha yakiharibika. Mtoto wa namna hiyo anahitaji msaada, na mzazi wake asidharauliwe.

Ndiyo maana kibanda kinanitia hofu ndogo kuliko simu. Kibandani kila mechi ina bei, shilingi kumi au ishirini. Pesa ikiisha, mchezo umeisha. Anayefungwa huinuka, mwenzake akachukua pedi, yeye akangoja zamu. Kuna watu wanaomwona. Simu haina hata kimoja cha hivyo. Gemu ya Free Fire hupakuliwa bure, humpa mtoto zawadi kwa kuingia kila siku, na huchezwa chini ya blanketi saa saba usiku. Kibanda kikifungwa, mvulana aliyefukuzwa Obunga hatakwenda kusoma. Ataazima simu ya kaka yake, na humo humo kuna Aviator, ambayo ni kamari, ingawa sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kubeti. Baraza likichanganya kibanda cha soka na mashine za kamari katika tamko moja, kama ilivyo desturi, litakuwa limeiacha ile hatari kubwa zaidi, iliyo kwenye simu.

Uchina ilijaribu amri. Mwaka 2019 iliweka kikomo cha dakika 90 kwa siku za kawaida kwa watoto, na mwaka 2021 ikakaza hadi muda wa saa moja tu, jioni ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. David Zendle na wenzake walichunguza data ya kipindi cha amri ile ya kwanza na kuchapisha mwaka 2023: hawakuona ushahidi kwamba uchezaji wa kupindukia ulipungua. Data yao haikutenganisha watoto na watu wazima, kwa hiyo haiwezi kufunga mjadala. Hata hivyo hiyo ni serikali yenye uwezo wa kuzima seva. Chifu wetu ana kufuli tu.

Ningependa kuona kaunti ikifungamanisha leseni ya kibanda na masharti machache: asiingie mtoto wa shule saa za masomo, watoto waondoke kabla ya giza, kusiwe na mashine ya kamari ndani. Wazazi nao wakubaliane simu zote zilale chumbani kwao. Na kabla ya hayo yote, waitwe vijana wanaoendesha vibanda hivyo. Wanawajua watoto hawa kwa majina, wanajua nani alianza kuja mama yake alipougua na nani huja kwa sababu nyumbani hakuna mtu hadi usiku. Mwalimu angehitaji kuyajua hayo, na sijasikia baraza lililowahi kuwauliza.