Pop ya Zamani Ilikuwa Bora? Tuulize Kwanza Ilivyoundwa

Mwaka 2012 watafiti wa Hispania wakiongozwa na Joan Serrà waliipa kompyuta rekodi zaidi ya 460,000, za kuanzia 1955 hadi 2010, ili izipime. Majibu yaliwapa nguvu wote wanaoamini kwamba muziki wa zamani ndio muziki. Namna noti zinavyofuatana imekuwa finyu, rangi za sauti zimezidi kufanana, na rekodi zimezidi kupigwa kwa kelele. Miaka mitatu baadaye kundi jingine, la London, likachambua nyimbo takriban 17,000 zilizoingia kwenye chati kuu ya Marekani kati ya 1960 na 2010. Hawa hawakuona mteremko. Waliona mapinduzi matatu, mwaka 1964, 1983 na 1991, na kipindi katikati ya miaka ya 1980 ambapo nyimbo zilifanana kupita kawaida kisha zikatawanyika tena.

Tangu hapo kila upande huchukua utafiti unaoupendeza na kuuacha mwingine. Mimi naona zote mbili zinaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja, kwa kuwa hazikupima kitu kimoja: moja ilichota rekodi za kila aina, nyingine ilibaki na vibao vilivyovuma. Ila zote zilisikiliza sauti tu. Hakuna iliyouliza wimbo ulitengenezwaje, kwa chombo gani, na jina la nani lilibaki nje ya jalada. Hapo ndipo ugomvi huu wa zamani na sasa unapopotea njia.

Wanaolalamika wana hoja, na si haki kuipita juu juu. Februari 9, 1964, Wamarekani wapatao milioni 73 waliwatazama The Beatles, bendi ya Uingereza, kwenye runinga wakiimba nyimbo fupi za mapenzi. Mwaka 1967 vijana hao hao walikuwa wameshaacha ziara, wamejifungia studio za Abbey Road kwa miezi, wakirundika sauti juu ya sauti kwa mashine za kurekodi zenye njia nne tu. Miaka mitatu! Ni vigumu kumwambia mtu aliyeishi kipindi hicho kwamba hakuona kitu cha pekee. Leo wimbo kwenye Spotify huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukipita sekunde 30, na watunzi wanalijua hilo: utangulizi umekatwa, kiitikio kimesogezwa mbele, msikilizaji asije akaruka kabla hela haijaingia. Ukiongeza na programu ya kunyoosha sauti, unaelewa kwa nini mtu anahisi kwamba mashine imemkalia mwimbaji kichwani.

Lakini mashine ilimkalia lini kwa mara ya kwanza? Turudi nyuma kabla hata ya santuri kuwa biashara kubwa. Mwishoni mwa karne ya 19, kwenye Barabara ya 28 Magharibi, New York, wachapishaji waliajiri watunzi wakae kwenye vyumba vidogo na vinanda vyao, watoe nyimbo kama wanavyotoa mafundi viatu. Mtaa ule ulikuja kuitwa Tin Pan Alley. Bidhaa ilikuwa karatasi ya noti: wimbo mmoja wa Charles K. Harris wa mwaka 1892 uliuzwa nakala kwa mamilioni. Kwa kuwa mnunuzi angeupiga mwenyewe nyumbani kwa kinanda, wimbo ulipaswa kuwa rahisi mkononi na wa kushika upesi. Urahisi ule ambao leo tunauita umaskini wa pop ulikuwa sharti la soko tangu siku ya kwanza.

Kisha ikaja santuri ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika, yenye uwezo wa kubeba dakika tatu hivi kila upande. Hakuna msanii aliyekaa akaamua kwamba hisia za binadamu zinatosha dakika tatu. Nafasi iliishia hapo, ndiyo sababu, na redio na masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu yakaupenda ufupi huo hata baada ya santuri ndefu kuja mwaka 1948. Ukilinganisha sharti hilo na la sekunde 30, naona ni ndugu wa baba mmoja. Lile la zamani tulishalizoea tu, tukaliita umbo la wimbo.

Kisa cha maikrofoni kinanigusa zaidi. Kabla ya 1925 waimbaji walirekodi kwa kuimbia ndani ya pembe, hivyo aliyesikika ni mwenye kifua. Umeme ulipoingia studio, Bing Crosby na wenzake wakaweza kuimba kwa upole, kama mtu anayekunong'oneza sikioni. Wengi waliona ni udanganyifu: sauti isiyofika nyuma ya ukumbi bila waya ni sauti gani? Januari 1932 Kardinali William O'Connell wa Boston aliushutumu uimbaji huo hadharani, akiuona wa aibu na usio wa kiume. Sasa soma wanayosema watu kuhusu Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha sauti, iliyotolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akichambua mitetemo ya ardhi kutafuta mafuta. Malalamiko ni yale yale. Mwimbaji Cher alipoitumia waziwazi mwaka 1998 hakuwa anaficha sauti mbovu; kila mtu alijua anaweza kuimba. Aliipindisha sauti yake makusudi, iwe ala. Programu hiyo hunichosha pale tu inapopitishwa kimyakimya kwenye kila neno mpaka pumzi ya mtu inapotea, na hapo nawaunga mkono wanaonung'unika.

Na lile la nyimbo kutungwa na kamati? Berry Gordy aliianzisha kampuni ya muziki ya Motown mjini Detroit mwaka 1959 baada ya kufanya kazi kwenye mstari wa kuunganisha magari, na hakuficha kwamba aliuiga mstari ule. Mtunzi huku, bendi ya studio kule, mwalimu wa adabu za jukwaani pembeni, halafu kikao cha kupiga kura wimbo upi utoke na upi utupwe. Kiwanda kitupu. Kikatupa The Supremes, The Temptations, Smokey Robinson na Marvin Gaye. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na anayesema muziki wa kiwanda hauwezi kuwa na roho inabidi kwanza aeleze Motown.

Nirudi kwa yale mapinduzi matatu, maana yana jambo ambalo wapenzi wa zamani hawalipendi. Kwa mujibu wa watafiti wa London, kubwa kuliko yote lilikuwa la 1991, hip hop ilipoingia kwenye chati kwa wingi, na mabadiliko ya 1964 yalikuwa yameshaanza kabla bendi za Uingereza hazijashuka Marekani. Hata hivyo nina wasiwasi na 1991. Mwaka huo huo jarida la Billboard, lenye chati hiyo, lilianza kuhesabu mauzo kwa mashine zinazosoma alama za bidhaa dukani. Kabla ya hapo lilitegemea zaidi taarifa za wenye maduka na vituo vya redio kuhusu kinachotoka. Chati ikabadilika sura ghafla, na hip hop na kantri zikaonekana zina wanunuzi wengi kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo sehemu ya mapinduzi yale huenda ni hesabu iliyonyooshwa tu, ya watu waliokuwepo siku zote bila kuhesabiwa. La 1983 halina utata wa namna hiyo: vinanda vya elektroniki na mashine za ngoma vilikuwa vimeshuka bei, na MTV, runinga ya video za muziki, ilikuwa hewani tangu Agosti 1981.

Hadi hapa naonekana nimeshawapa ushindi watetezi wa pop ya leo. Bado. Jibu lao la kwamba "ilikuwa hivyo siku zote" ni la uvivu, kwa sababu linafunika mambo mawili. La kwanza ni kelele, na hapo hasara ni ya kweli. Katika enzi za CD kampuni zilishindana kubana sauti ndogo na kubwa zilingane, ili wimbo usikike juu kuliko wa jirani, na rekodi nyingi za miaka ile zinachosha sikio mpaka leo. Afadhali huduma za mtandaoni sasa zinasawazisha sauti zenyewe, kwa hiyo mashindano yale yamepoteza faida.

La pili ndilo linaloniuma. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu aliyefanya kazi kwenye kampuni ya kurekodi mjini Johannesburg, aliimba wimbo alioutunga kuhusu simba, Mbube. Haki zake ziliuzwa kwa shilingi 10. Kwaya yake iliposikika Marekani neno lake lilisikika vibaya, likawa "wimoweh", na mwishoni mwa 1961 kundi la The Tokens likafika kileleni mwa chati kwa wimbo uliojengwa juu ya melodi ile. Linda alifariki mwaka uliofuata akiwa maskini. Familia yake ilifikia suluhu kuhusu mirabaha mwaka 2006. Manu Dibango wa Kamerun, ambaye mwitikio wake wa mwaka 1972 ulichukuliwa na Michael Jackson miaka kumi baadaye, angalau alidai akiwa hai na akalipwa. Nchini Marekani kwenyewe, Pat Boone alirekodi upya kibao cha kwanza cha Little Richard na toleo lake likapanda juu zaidi kwenye chati, kwa kuwa redio nyingi zilimpigia Mzungu kuliko Mweusi.

Haya yote ni ya enzi zinazoitwa za dhahabu. Anayezikumbuka kwa mapenzi anakumbuka nyimbo, na nyimbo zilikuwa nzuri. Lakini kwenye hesabu ya jasho la nani lilikwenda wapi, siwezi kumkubalia kwamba tumeshuka.

Ndiyo maana lile dhihaka la siku hizi, kwamba wimbo mmoja unahitaji watunzi kumi, halinichekeshi. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua katika kesi ya rapa Biz Markie kwamba kutumia kipande cha rekodi ya mwingine bila ruhusa ni kukiuka haki, na tangu hapo orodha za majina zikaanza kurefuka. Kibao cha Mark Ronson na Bruno Mars cha mwaka 2014, "Uptown Funk", kilitoka na watunzi sita. Mwaka uliofuata waliongezwa watano wa upande wa bendi ya The Gap Band, baada ya kudai kwamba kinafanana na wimbo wao wa zamani. Wapo wanaoona hofu ya kesi imevuka mpaka, kwamba sasa hata mdundo wa pamoja unadaiwa kama shamba, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kati ya orodha ndefu mno na orodha iliyoficha watu, nachagua ile ndefu. James Jamerson alipiga besi kwenye vibao vya Motown visivyohesabika, na mistari yake ya besi huimbwa na watu wasiomjua. Hakuhesabiwa mtunzi. Hata kama mpigaji tu, jina lake na majina ya wenzake wa Funk Brothers, bendi ya studio ya Motown, hayakuandikwa kwenye majalada ya miaka ya 1960. Yalianza kuonekana mwaka 1971, kwenye albamu moja ya Marvin Gaye.